Pua ya Mbuzi Iko Chini

Mwandishi wa hadithi za ajabu, mkazi wa Goma, anajibu barua za wasomaji

Barua nyingi zilinifikia katika bahasha moja ya kaki, chache kwa simu, mbili kwa sauti iliyorekodiwa. Nimezisoma kibandani kwangu Birere, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha, asubuhi kabla wanafunzi hawajaanza kuingia na flashi zao. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha. Moja ilininyima usingizi, nayo nimeipa nafasi kubwa kuliko zote.


Yaya, mimi nina miaka 19, naandika hadithi yenye wachawi watatu wanaoweza kila kitu: kuruka, kupotea, kufufua wafu. Rafiki zangu wakifika ukurasa wa kumi wanachoka. Kosa liko wapi?
Mwanafunzi, Katindo

Mdogo wangu, kosa umelitaja mwenyewe: "kila kitu". Mtu anayeweza kila kitu hana sababu ya kuamka asubuhi, na rafiki zako hawana sababu ya kufungua ukurasa wa kumi na moja.

Wewe ni wa Goma, mazuku unayajua. Kwa wasomaji wa mbali niseme kidogo. Ni kabonidioksidi inayotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa mpaka Mugunga na Bulengo. Haina rangi, haina harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni kama maji kwenye karai. Usiku usipokuwa na upepo huzidi. Jua likiwaka na upepo ukivuma hutawanyika.

Baba yangu mdogo alifuga mbuzi Mugunga. Nilikuwa na miaka minane siku aliponipeleka kuwatoa zizini, tukamkuta mmoja amelala ndani ya kishimo, macho wazi, hana jeraha. Nikataka kumkimbilia. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikalia. "Mbuzi anakufaka wa kwanza," akaniambia, "sababu pua yake iko chini. Kisha mutoto. Muntu mukubwa anaanguka wa mwisho, kama hajainama." Nikamwuliza kama mazuku ni pepo. Akasema: "Pepo ama si pepo, iko na sheria yake. Asubuhi usiinamie shimo."

Ninaandika hadithi za ajabu kwa sababu ya sentensi hiyo. Kitu kisichoonekana, kinachoua bila kelele, na bado mtoto wa miaka minane anaweza kukijua tabia: kinapenda bondeni, kinaogopa upepo, kinaanza na mwenye pua ya chini. Tangu siku ile niliogopa zaidi, lakini nilijua pa kusimama. Msomaji wako naye anataka kujua pa kusimama.

Kwa hiyo chukua mmoja wa wachawi wako, anayeruka. Anaruka kutoka wapi? Akitua, magoti yanamwuma? Akimbeba mtu, anapoteza nini? Ukishaiandika sheria, iheshimu, hata siku mhusika unayempenda kuliko wote amesimama ndani ya shimo. Siku hiyo usimhurumie kwa kubadilisha sheria. Mtafutie upepo, au mtafutie mtu mrefu wa kumnyanyua. Hao wawili wengine waweke kando kwanza, huenda hutawahitaji.


Mama, nafundisha Kiswahili Bukavu. Hadithi zako nazipenda, lakini wahusika wako wanasema "anapitaka", "muntu", "biko wapi". Je, huoni unawaharibia watoto lugha?
Mwalimu, Bukavu

Mwalimu, shikamoo. Nashukuru umeuliza waziwazi.

Msimulizi wangu anazungumza Kiswahili cha vitabu kwa sababu nataka msomaji wa Kigoma na wa Mombasa atembee nami bila kujikwaa. Midomo ya wahusika ni ya Goma. Nilijaribu kinyume chake katika mswada wa kwanza: nilimfanya mama anayeuza mkaa sokoni aseme kama mtangazaji wa redio. Nilimsomea mama mmoja anayeuza mkaa kweli. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uyu mama ni wa wapi?" Sikuwa na jibu.

Na hebu tukitazame hicho kiambishi unachokilaumu, "-ka" ya "anapitaka". Ukisema "hupita hapa", neno lenyewe halisemi nani: ni yeye, ni wao, ni mimi, wote hupita. "Anapitaka hapa" lina mtu ndani yake na lina mazoea ndani yake, yote kwa pumzi moja. Kwa anayeandika habari za mzimu unaopita uani kila jioni, hiyo ni zana ya thamani. Sitaiacha.

Katiba yetu ya Kongo inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini kwenye kompyuta ya kibanda, iliyowekwa kwa Kifaransa, kila neno langu la Kiswahili linapigwa mstari mwekundu chini yake. Sura nzima, kurasa ishirini, nyekundu tupu, kana kwamba hakuna neno hata moja lililo sahihi. Miaka ya kwanza ilinivunja moyo. Niliwahi hata kuanza hadithi moja kwa Kifaransa ili niione safi. Baadaye mtoto wa dada yangu alinionyesha pa kuizima ile mistari, nikaizima, na kazi yangu ya Kifaransa nikaiweka chini ya godoro. Iko hapo mpaka leo.


Mwanangu ana miaka 14, anasoma tu vitabu vya nje, majoka, ngome na theluji. Ninamwambia hayo si yetu. Nifanye nini?
Baba wa watoto watatu, Lubumbashi

Papa, usimnyang'anye. Mwongezee.

Theluji ni yetu. Iko juu ya Ruwenzori, ndani ya Hifadhi ya Virunga, mpakani na Uganda, kwenye kilele cha mita 5,109, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Inazidi kupungua, kwa hiyo akiwa na hamu ya kuandika juu yake afanye haraka.

Majoka nayo tunayo. Wanyanga wa Walikale wana masimulizi marefu ambayo huyaita karisi. Mwaka 1956 msimulizi aliyeitwa Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza, na masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo ni mtoto ambaye baba yake, mtemi, hakutaka kuzaa wana wa kiume. Alizaliwa akiwa anasema na kutembea. Baba akamfungia ndani ya ngoma, akaitupa ngoma mtoni.

Kitu ninachokipenda zaidi kiko karibu na mwisho. Mwindo, akiwa sasa shujaa na mtemi, anaua joka lenye vichwa saba, jina lake Kirimu. Katika hadithi nyingi mambo yangeishia hapo kwa shangwe. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa kuchanjiana damu na Nkuba, mwenye radi. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo mpaka mbinguni, na huko shujaa anapigwa baridi na jua na mvua, anafundishwa kuwa wanyama hawauawi ovyo. Mwambie mwanao hilo tu: kwetu, aliyeua joka aliitwa kujibu. Kisha nyamaza, umwache aulize.


Dada, lile ziwa linalopumua katika kitabu chako ulilitoa ndotoni?
Msomaji, Uvira

Hapana. Ni Kivu. Chini kabisa, pale maji yanapofikia karibu mita 480, kumeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani. Mlima wa maji uliolala juu ndio unaozibana zisitoke. Ziwa Nyos la Kameruni ni dogo sana mbele ya Kivu. Usiku mmoja wa Agosti 1986 liliachia gesi yake, watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na ng'ombe wao. Nilipolisoma hilo nilienda kusimama ufukweni saa mbili usiku. Wavuvi wa sambaza walikuwa wamewasha taa zao, wanaimba ili wapige makasia pamoja, na sauti ilikuwa inakuja juu ya maji kana kwamba hakuna jambo. Nikawaza: kuna kitu kimelala chini yao, na wao wanakiimbia.

Hata sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo sababu katika kitabu samaki wadogo hawajui jina la aliyelala. Wenyeji wanalijua lakini hawasemi.


Mtumishi wa Mungu aliniambia nikichome kitabu chako kwa sababu kina uchawi, na watoto wanakisoma. Sikukichoma, lakini sina amani. Wewe unaye Mungu? Huogopi kufungua mlango?
Mama, Ndosho

Mama, hii ndiyo barua iliyoninyima usingizi. Ninasali, Jumapili na siku nyingine. Na ninaogopa, lakini si lile ambalo mtumishi analiogopa. Nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipasuka ubavu wa kusini, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi, nyanya yangu amebeba sufuria ya maharage ambayo hayajaiva, hakukubali kuyaacha. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe. Tulipanga chumba katika ua mmoja na familia nyingine nne.

Ndani ya ua huo alikuwamo msichana wa miaka tisa, aliyelelewa na mama wa kambo. Usiku tulilala mkeka mmoja, na kwa kuwa hakupata usingizi nilimtungia hadithi. Niliitunga mwenyewe: mtoto anaingia ndani ya ganda la karanga, anapaa juu ya mji, anaona mapaa, anaona ziwa, anafika kwa mama yake aliyekufa, anakula kwake ugali na sombe, yale majani ya muhogo, anarudi kabla ya jogoo. Kila usiku aliniomba niirudie. Alitaka hasa pale pa kula.

Kisha mtoto mchanga wa mama wa kambo akafariki, kwa homa. Watu wakamtazama yule msichana. Alipelekwa chumba cha maombi, akanyimwa chakula siku tatu, akaulizwa usiku anakwenda wapi. Siku ya tatu akajibu. Akasema anaruka ndani ya ganda la karanga, anakwenda kwa mama yake, anakula. Wakamwuliza anakula nini. Akasema sombe. Wakasema sombe ile ilikuwa nyama ya mtoto.

Nilikuwa nje ya ukuta wa mbao, nasikia. Nilijua kila neno limetoka wapi. Sikusema. Nilikuwa na miaka 11 na niliogopa kwamba wangeniuliza na mimi. Nyanya yangu ndiye niliyemwambia, usiku, na kesho yake aliingia mle chumbani bila kubisha hodi, akamtoa yule mtoto kwa mkono, akampa uji. Baadaye shangazi yake alikuja kutoka Butembo akamchukua. Yuko hai. Ana duka dogo la vikwembe, yaani vitenge. Nilimwomba msamaha mwaka 2016, akaniambia hakumbuki hadithi, anakumbuka uji.

Kwa hiyo, Mama, nimeufikiria huo mlango kwa miaka zaidi ya ishirini, na hivi ndivyo ninavyouona. Nyanya hakuwahi kuanza kusimulia kabla hatujaitika. Alisema neno lake, tukaitika letu, ndipo sungura akaruhusiwa kusema. Kila mmoja wetu, hata mdogo wa miaka minne, alijua tumeingia, na alijua tutatoka. Hadithi yenye mlango haimdhuru mtoto. Mle chumbani hadithi iliingizwa bila mlango, ikaitwa ushahidi.

Na ile haikuwa na sheria. Mtoto akilia, ni mchawi, anaigiza. Asipolia, ni mchawi, ana moyo mgumu. Akikataa, anaficha, akikubali, tayari. Mazuku yana huruma kuliko hiyo, maana ukijua yalipo unaweza kupanda juu ya jiwe. Uchawi usio na mpaka hauwezi kukanushwa na mtu yeyote, ndiyo maana unawaangukia wasioweza kujitetea: mtoto wa kambo, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa miaka arobaini ya moshi wa kuni.

Tangu nianze kuandika nimejiwekea marufuku mbili. Katika vitabu vyangu hakuna mtoto mchawi wala mwanamke mzee mchawi, hata wa mzaha, hata wa kupita. Na kila nguvu ya ajabu inaonekana mwilini mwa mwenyewe, ili asisingiziwe mwingine: anayezungumza na ziwa nywele zake hazikauki, anayewasha moto bila kiberiti hasikii ladha ya chumvi. Msomaji hana haja ya kumshuku jirani.

Mtumishi aliyekushauri uchome kitabu, mwulize kama anajua kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2006. Kinapiga marufuku kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Niliziandika zote mbili kwa mkono, nimezibandika juu ya mashine ya fotokopi. Mtu akitaka nakala simlipishi.

Kitabu usikichome. Ukikosa amani, soma wewe kwa sauti, mtoto akiwa karibu, na mwanzoni mwambie: hii ni hadithi. Mwisho mwambie: imekwisha. Asipolala, niandikie tena.


Unaandika saa ngapi? Mimi nina kazi, watoto, na umeme unakatika kila siku.
Mama wa watoto wanne, Sake

Saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa kumi na mbili, kabla ya kwenda kuchota maji. Kwa mkono, kwenye daftari la shule la kurasa 96, na tochi ya kichwani. Siutegemei umeme kwa kutunga. Umeme ni wa kupiga chapa tu. Kurasa tatu kwa juma ninaziona nyingi. Watoto wangu wawili wanajua kwamba tochi ikiwaka mama hayupo, isipokuwa kwa homa.

Mchana kibandani ninapiga chapa kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi: udongo wa Masisi, bei ya maharage, haki ya ardhi. Wengine wananihurumia kwa kazi hiyo. Mimi nimejifunza mengi kwayo. Nyufa za mazuku nilizielewa kwa kupiga chapa kazi ya mwanafunzi wa jiolojia, kurasa 70, kwa siku mbili.

Jambo moja tu nitakushauri. Tafuta mtu wa kumsomea ambaye mikono yake ina kazi. Jirani yangu wa kibanda ni fundi wa nguo, cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Ninamsomea huku anashona. Hasemi chochote kuhusu hadithi, na simwombi. Cherehani ikinyamaza na hajafika mwisho wa mshono, naweka alama ya penseli pembeni: hapa amesikia. Ukurasa ambao cherehani haikunyamaza hata mara moja, ninauandika upya. Mwaka jana niliondoa sura mbili nzima kwa njia hiyo, na moja nilikuwa naipenda kwa moyo wote.


Ukikwama katikati ya hadithi unafanyaje?
Msomaji, Kalemie

Narudi pale cherehani iliponyamaza mara ya mwisho. Tatizo huwa limeanzia baada ya hapo, si pale nilipokwama.


Naweza kuishi kwa vitabu? Niambie ukweli, niko tayari kuacha kazi.
Kijana, Beni

Usiache kazi.

Nitakupa hesabu yangu. Kitabu cha kwanza nilichapisha nakala 200, kila moja dola 3, jumla dola 600 ambazo niliziweka akiba kwa miaka miwili. Niliuza kwa dola 5. Ndani ya miezi kumi na minne niliuza 141. Fanya hesabu: dola 705. Nakala 38 nilizigawa shuleni na kwa ndugu, 21 zimebaki kwenye katoni. Mchapishaji, ambaye sitamtaja, alikuwa amezigeuza kurasa za 65 hadi 80 katika nakala zipatazo arobaini, zinasomeka kichwa chini, na hakukubali kuzichukua. Nilizikata kurasa hizo kwa wembe na kuzibandika upya kwa gundi, mimi na yule fundi wa nguo, usiku nne. Mwaka 2025 benki za mji zilipofungwa, watu walinunua chumvi na unga kwanza, na walifanya vema.

Sasa sura zangu nyingi zinasafiri kwa simu, kwa sauti. Ninarekodi dakika saba, ninatuma, watu wanatumiana. Hainiletei faranga. Lakini dereva mmoja wa pikipiki alisimama mbele ya kibanda, hata hakuzima injini, akaniuliza: "Yule muntu wa chukudu, alifika?" Nilimjibu kwamba hajafika bado. Akasema, "Harakisha, tunamungojea," akaenda. Alikuwa amesema "tunamungojea". Nilikaa na neno hilo siku nzima.

Mhusika huyo wa chukudu, kwa wasioyajua, anasukuma gari letu la mbao la magurudumu mawili, lile ambalo sanamu yake imesimama kwenye mzunguko katikati ya mji. Analiteremsha kutoka Kibumba likiwa na magunia ya viazi. Nguvu yake ya ajabu ni kwamba chochote akipakiacho hakizidi uzito wa mtu wa kwanza aliyemwona siku hiyo. Ndiyo maana anaamka mapema akitafuta watoto wachanga. Kazi yake ni ngumu na anaijua. Na wewe uijue kazi yako hiyo ya sasa hivyohivyo, uibebe pamoja na daftari. Miaka mitano ijayo niandikie tena hesabu zako.


Shikamoo. Mimi nina miaka 10. Kwenye sura ya tatu mbuzi wa Kito aliingia shimoni akafa. Nililia. Kwenye kitabu kingine unaweza kumfufua? Naomba.
Msomaji wako, Himbi

Marahaba, mtoto wangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote.

Siwezi kumfufua. Nilijaribu, nikwambie kweli. Niliandika kurasa mbili ambamo upepo unatokea ghafla kutoka ziwani na mbuzi anainuka, anatikisa masikio. Lakini ilikuwa alfajiri, na nilikuwa nimeshasema alfajiri hiyo hakuna upepo, na Kito alikuwa ameshaonywa. Pua ya mbuzi iko chini. Kama ningemwinua yule mbuzi, basi siku Kito mwenyewe atakaposimama ukingoni mwa shimo kubwa, wewe usingeogopa, na usingempigia kelele arudi. Ninataka umpigie kelele.

Ila fungua tena sura ya mwisho, pale Kito anapopanda juu ya jiwe kubwa na mzigo mgongoni. Watu wengi wanadhani ni kuni. Soma polepole ule mstari wa sita. Mzigo unapumua, na una doa jeupe kwenye sikio la kushoto, mahali palepale mama yake alipokuwa nalo.